Mteja wa Alhamisi

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na masikio hayajazidi kuziba. Shangazi anasema alikuuliza saa ngapi ukamjibu chumvi iko juu ya kabati. Nilicheka mpaka watu wa gatini wakanigeukia. Basi simu sipigi, nitapiga kelele bure. Mimi sijambo. Mashua nayo haijambo: upande wa kulia nimeupaka rangi, injini inakohoa asubuhi tu, na tanga jipya limeshazoea upepo.

Kazi ipo. Wengi ni wale wanaokodi mashua nzima, wawili wawili. Saa kumi na moja na nusu tunatoka, tunafuata ufukwe wa mjini, jua linazama tukiwa mbele ya maghala ya nafaka, tunarudi. Wanapiga picha majengo, wanashikana mikono, mmoja anatapika. Ndiyo hayo hayo kila siku.

Ila Alhamisi alikuja mteja wa peke yake. Ni mama mtu mzima, fundi cherehani, amekuja na uzi mwekundu umenasa kwenye mkono wa gauni. Nikamwambia, "Mama, mashua inabeba sita, hutaki kungoja wenzako?" Akasema, "Nitatosha." Hakukaa mbele kwenye mito. Alikwenda nyuma kabisa, ubavuni mwangu, akatumbukiza vidole majini.

Sasa sikiliza, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha kumpima abiria kwa nyayo kabla ya macho. Tulitoka gatini watu wawili. Tulipofika kwenye maghala, mashua ikakaa kwa uzito wa watatu. Ilizama kidogo nyuma, upande wa kushoto, kama mtu anapopanda akajisogeza. Na ikasimama. Tanga limejaa upepo, usukani umenyooka, nasi hatuendi. Nilihesabu pumzi zangu mpaka ishirini ndipo ikaachia.

Gatini yule mama akanishika mkono, akasema, "Asante kwa kutuleta."

Labda ni adabu yake tu. Lakini je, wewe uliwahi kuona mkondo wa namna hiyo pale? Nijibu.

Binti yako

---

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba sana. Barua imefika. Mimi naendelea vizuri, goti moja tu ndilo linalogoma. Shangazi yako ananilisha kama ng'ombe wa maonyesho. Masikio ndiyo hivyo hivyo. Shule iko ng'ambo ya barabara na kengele yake siisikii, naiona tu kwa watoto wanavyotoka mbio.

Umefanya vizuri kupaka rangi. Usisahau kukaza zile skrubu za usukani.

Pale mbele ya maghala kuna mwamba chini ya maji. Ndio unaokamata mashua. Pita mbali, au geuzia kwenye mnara wa taa, wateja hawatajua tofauti. Na huyo fundi akija tena mwambie mashua iko kwenye matengenezo. Mtu anayekodi mashua peke yake ana lake jambo, na hayo mambo hayakuhusu wewe.

Ule vizuri. Uvae sweta jioni.

Baba yako

---

21 Februari

Baba,

Shikamoo. Habari za goti? Mimi mzima wa mwili, ila roho haijatulia.

Hakuna mwamba. Nimeangalia ramani ya bandari, nikawauliza na wapiga mbizi wanaosafisha boya. Pale ni mchanga mtupu, kina cha mita kumi na moja. Miaka tisa umenifundisha bahari hii na hukuwahi kutaja mwamba. Kwa nini umeutaja sasa?

Yule fundi alikuja tena Alhamisi, nami nikamchukua. Nisamehe, sikuweza kumdanganya usoni. Njiani akanieleza mwenyewe. Alikuwa na binti mmoja. Miaka kumi na minane iliyopita waligombana. Binti alitaka kuacha chuo afanye kazi kwenye studio ya picha, mama akamwambia maneno ambayo mpaka leo hayarudii. Kesho yake binti akatoka asubuhi, hakurudi. Watu wakasema amekimbilia mji mwingine. Na yeye aliamini hivyo: kwamba alimfukuza kwa mdomo wake. Miaka yote hiyo, Baba, kila mlango ukigongwa anaacha cherehani ikizunguka.

Mwaka huu mkanda wa cherehani ukakatika. Mtengenezaji alipoifungua akakuta kikaratasi kimejikunja nyuma ya mtoto wa meza. Mwandiko wa binti: "Mashua ya tanga, jioni. Nijaribu kwanza mwenyewe. Mama akae nyuma asipate kizunguzungu." Siku ya kuzaliwa ya huyu mama ilikuwa juma lile, na yule mtoto alikuwa anamwandalia safari. Sasa anapanda kila mashua ya tanga ya ufukwe huu. Yetu ni ya nne.

Nikamuuliza, "Na unatafuta nini, Mama?" Akasema, "Sijui. Ila kwenye zile tatu nilikuwa peke yangu."

Tulipofika kwenye maghala ikawa vile vile. Uzito, kisha kusimama. Yeye akasogea kidogo kwenye benchi kama anayempisha mtu, akasema polepole, "Kaa vizuri." Na nilipogeuza tanga, Baba, ule uzito ulihama upande wa pili. Ulihama kama abiria anayeinama kuukwepa mti wa tanga.

Niandikie upesi.

Binti yako

---

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata neno lako. Shangazi anasema u mzima, unakula, ila ikikaribia saa kumi na mbili jioni unageuza kiti kulipa dirisha mgongo. Anasema alikukuta umeziba masikio kwa viganja. Wewe, ambaye husikii kengele. Unaziba nini?

Jumamosi nilikuwa na wateja wengine kabisa, mume na mke, wageni wa mji, wamefunga ndoa juzi. Yule bibi harusi ni msemaji, nikampenda. Tukiwa tunarudi, mji umeanza kuwasha taa, akanisogelea akaninong'oneza, "Dada, yule msichana wako wa nyuma, mbona humpi hata taulo? Amelowa chapachapa."

Nikageuka. Benchi tupu.

"Msichana yupi?" nikamuuliza.

Naye akatazama, akashtuka kidogo, akacheka kwa aibu. "Si alikuwa hapo? Ameniuliza kama chai iko tayari. Nikamwambia mimi si mwenyeji, amuulize nahodha."

Kwenye mashua hii haijapikwa chai tangu niishike. Hata jiko haina. Mwenyewe uliling'oa, nikiwa mdogo, ukaziba pale mahali kwa mbao.

Baba, kama kuna jambo, liseme. Sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Binti yako

---

24 Machi

Mwanangu,

Nilianza barua hii mara sita. Salamu zako zimefika na nyingine nakurudishia, sina nguvu ya kuziandika ndefu.

Yule binti nilimbeba mimi.

Alikuja kwenye ngazi za soko la zamani la samaki, mahali ambapo jioni hapana watu. Akasema anataka kumleta mama yake, lakini kwanza ajionee mwenyewe kama mashua haiyumbi sana. Nilikuwa nakwenda kujaribu tanga tu. Nikamwambia, panda, twende, hii haihesabiwi. Majaketi ya kuokolea nilikuwa nimeyaanika ukutani nyumbani. Nikaona, bahari imetulia kama maji ya beseni, ni nusu saa.

Alikaa nyuma. Aliongea njia nzima. Mama yangu hivi, mama yangu vile, mama yangu mkali lakini akicheka nyumba nzima inacheka. Alikuwa ana furaha, nataka ulijue hilo. Mbele ya maghala nikafunga usukani kwa kamba, nikashuka kibandani kuchemsha chai. Akaniita kutoka juu, "Baba, chai iko tayari?" Nikajibu, "Naam, bado kidogo." Upepo ukageuka. Nikasikia mti wa tanga ukipita kwa kishindo. Birika lilikuwa linapiga kelele. Nilipotoka na vikombe viwili, juu hapakuwa na mtu.

Nilizunguka mpaka giza likafanya nisiyaone maji. Niliruka mara tatu. Sikumpata.

Mama yako alikuwa ametuacha miezi minne kabla. Wewe ulikuwa na miaka tisa, hujajifunza hata kusuka nywele zako. Leseni yangu ilikuwa imekwisha muda, majaketi sina, abiria sikumwandika. Nikafikiri: nikisema, watanifunga, na huyu mtoto atalelewa na nani? Hakuna aliyemwona akipanda. Nikanyamaza kwa siku moja. Ukishanyamaza siku moja, ya pili inakuwa nzito zaidi.

Yule mama alikuja gatini na picha. Akaninyooshea. Nikaitazama picha, mwanangu, nikamtazama na yeye, nikasema sijamwona. Wewe ulikuwa umekaa juu ya kamba unakula chungwa. Akakuangalia sana. Akaniambia, "Una bahati. Wako unamwona."

Masikio yangu hayasikii kitu. Lakini kila jua linapozama nasikia swali lile la chai, wazi kabisa, kama ananiuliza begani.

Fanya utakavyoona.

Baba yako

---

2 Aprili

Baba,

Nimesoma. Nimesoma tena. Nilishindwa kwenda kazini siku mbili, nikawarudisha wateja.

Sijui nikuite nani leo. Chakula nilichokula, sare za shule, kazi hii uliyonipa, vyote vimekaa juu ya yule mama anayeacha cherehani ikizunguka kila mlango ukigongwa. Unasema ulinyamaza kwa ajili yangu. Hukuniuliza. Na nilipotimiza miaka kumi na minane, na ishirini, na ishirini na tano, ulikuwa unanyamaza kwa ajili ya nani?

Sitamwambia kwa niaba yako. Amekodi tena Alhamisi ya tarehe kumi na saba. Kiti chako kipo.

Binti yako

---

9 Aprili

Mwanangu,

Nitakuja kwa basi la asubuhi siku hiyo. Shangazi yako nimemweleza, amelia, amenifungia nguo.

Usimtangulizie neno lolote. Na tafadhali usichemshe chai.

Baba yako

---

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Najua barua hii itapita kwanza mikononi mwa askari wa mahabusu, basi namsalimu na yeye. Habari za huko? Unapata usingizi? Wakili anasema umekataa kuomba dhamana. Nitakuletea sweta siku ya kutembelea.

Nakuandikia kwa sababu siku ile hatukusemezana. Ulishuka mashuani ukaenda moja kwa moja kituo cha polisi, nami nikabaki nafunga kamba. Kuna ambayo hukuyaona kwa kuwa ulikuwa umeinamisha kichwa.

Ulipokuwa unamweleza, pale pale mbele ya maghala, mimi nilimtazama yeye. Hakulia. Ulipofika kwenye yale maneno, mama yangu akicheka nyumba nzima inacheka, alifunga macho akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyemeza dawa ikamwingia. Kisha akasema, "Kumbe hakuondoka na hasira." Alisema mara tatu. Wewe hukumsikia, masikio yako. Ndiyo maana nakuandikia, ulijue: hilo ndilo jambo la kwanza alilosema. Jambo la pili alikuambia usoni, na ulilisoma kwenye midomo yake, nami sitaliandika.

Halafu mashua ikasimama. Najua uliona tanga lilivyojaa. Mimi sikusikia sauti yoyote, Baba. Fundi naye nimemuuliza baadaye, hakusikia. Lakini wewe uliinua kichwa, ukageukia benchi la nyuma, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti uliyokuwa ukiniitia mimi nikiwa mdogo, "Naam, mwanangu. Imeshakuwa tayari."

Ndipo mashua ikaachia. Nilidhani uzito ungeondoka. Haukuondoka. Tulirudi nao njia nzima mpaka kwenye ngazi. Ulipokwisha kwenda, fundi alishuka, akasimama, akanyoosha mkono nyuma chini kidogo, kama unavyomshika mtu asiteleze. Mashua ikainuka. Nikamwona anaondoka kwenye ule ukuta mrefu wa gati, ule mkono hajaushusha, anatembea upande mmoja wa njia na upande wa pili ameuacha wazi. Watu waliokuja mbele yake walikuwa wanapisha nafasi ya wawili. Sijui kama wenyewe walijua kwa nini.

Wapiga mbizi wamekwenda pale siku nne. Hawajapata kitu. Miaka ni mingi.

Jana nilimpitia chumbani kwake kumjulia hali. Cherehani inafanya kazi, mlango ameuacha wazi. Aliniuliza kesi inasikilizwa lini, nikamwambia tarehe ishirini na mbili. Akasema atakuja. Nikamuuliza atakuja kusema nini mbele ya hakimu. Akasema bado anafikiri, ana siku za kutosha.

Nilipoinuka kuondoka akavuta utepe wake wa kupimia shingoni. Akaniuliza mabega yako yana upana gani, na urefu kutoka shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Kwenye meza palikuwa na kitambaa cheupe, kipya, bado kimekunjwa. Sikumuuliza ni cha kanzu au cha sanda, naye hakuniambia.

Nilimpa vipimo, Baba. Nilivijua kwa kichwa.

Binti yako