Tulimuombea Huguette Apone, na Amepona

Tantine Laurette mpendwa, shangazi yetu wa ushauri, nakuandikia mbiombio maana Jumapili imekaribia, na furaha niliyo nayo imechanganyika na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu Alain, naomba unisaidie kabla sijaaibika mbele ya kanisa zima.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo katikati ya mji wa Durban na tunaishi Umbilo, na kwa miaka kumi na moja ya ndoa hatujapata mtoto. Mwaka juzi dada mmoja wa kanisani kwetu, Huguette, alizidiwa na dawa za kulevya mpaka ustawi wa jamii wakamchukua binti yake Glody, wakati huo ana miaka mitatu, na mahakama ikatupa sisi tumlee mpaka mama yake apone, na Tantine, siku ile Glody alipoingia nyumbani kwetu na kiatu kimoja nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Wiki ya pili tu kanisani wakaanza kuniita Mama Glody. Unajua kwetu Kongo mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mimi nilikuwa bado naitwa "dada" na wasichana niliowazidi miaka ishirini, kwa hiyo jina hilo nililivaa kama kitenge kipya na sikutaka kulivua.

Hatukumtupa Huguette. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia wamama wa kanisa kwamba hatuwezi kumlea mtoto huku mama yake anaangamia, tukaanza kupeleka vitu kila mwisho wa mwezi kwenye ile nyumba wanakosaidiwa watu waache dawa, unga, maharage, sabuni, mablanketi, na sisi wasusi tunawasuka akina dada wa pale bure, Wakongo, Wazulu, Wahindi, wote, tunasuka huku tunaimba. Na sasa Huguette ametimiza miezi kumi na minne bila kugusa kitu! Amenenepa, anacheka, amepata kazi kwenye duka la simu Overport ingawa bado analala kwenye nyumba ile, afisa wa ustawi wa jamii amesema Glody ataanza kurudi kwake kidogo kidogo, na Jumapili hii anakuja kanisani kutoa shukrani, kwaya imefanya mazoezi, sare zimeshonwa, Pasta Ruphin amesema mimi ndiye nitakayempokea mbele. Mungu ametenda kweli.

Lakini Tantine, watoto hawaingii kwenye nyumba ile, kwa hiyo kila Ijumaa Huguette alikuwa anamtumia Glody ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, anamwimbia, anamuuliza amekula nini, na mwanzoni nilikuwa namfungulia asikilize, ila mtoto akawa anashinda akiniuliza mama anakuja lini, moyo ukaniuma, nikaacha kumfungulia. Ni miezi mitano sasa. Mwezi uliopita nilikuwa namsuka Huguette palepale, kichwa chake mikononi mwangu, akaniuliza, "Glody anasikilizaka mesaji zangu?" Nikamjibu, "Anasikilizaka, anafurahia sana." Akanishika mkono, akasema, "Merci sana, Mama Glody." Yeye mwenyewe, Tantine, ndiye aliyeniita hivyo, na mimi nikaendelea kusuka.

Je, Jumapili mtoto asipomtambua? Na wakiita Mama Glody, nani atasimama?

Mimi, Mama Glody (kama bado), Umbilo

*

Mama, kwanza ngoja na mimi nishangilie. Miezi kumi na minne! Barua yako nimeisoma nimesimama, chai ikapoa. Wewe na wamama wenzako mmefanya kazi ambayo wengi huishia kuiombea tu.

Sasa kaa chini nikugombeze. Ulitoa unga, ulitoa sabuni, ulitoa mpaka vidole vyako, halafu ukaficha sauti ya mama wa mtoto ndani ya simu. Na ukamdanganya mtu aliyekukabidhi kichwa chake. Usiniambie ulikuwa unamlinda Glody, ulikuwa unajilinda wewe. Naujua wivu huo. Mimi niliitwa "dada" mpaka nikafika miaka thelathini na tisa, na kila nilipoitwa nilikuwa natabasamu na kuumia. Nakuonea huruma, lakini huruma yangu haikuondolei kosa.

Leo jioni, mtoto akishakula, mpakate na ufungue zile sauti, uanze na zile za zamani. Si lazima zote kwa mpigo. Akilia mbembeleze. Akikuuliza mama anakuja lini, lile swali ulilokuwa unalikimbia, safari hii una jibu: Jumapili! Wewe ndiye utakayempa habari hiyo, unaona bahati uliyo nayo?

Kesho panda taxi uende Overport. Usimtume Alain, usiandike, nenda wewe. Mwambie Huguette, "Nilikudanganya, nilikuwa na wivu, naomba unisamehe." Atakasirika, na ana haki. Ukirudi mweleze mumeo, kisha umpigie afisa wa ustawi wa jamii umwambie ukweli wote, maana yeye ndiye anayepanga mtoto arudi vipi na lini.

Pasta Ruphin naye mwambie hakuna kumkimbiza mtoto mbele ya kamera za kanisa. Afisa akikubali, Huguette aje kwako asubuhi kabla ya ibada, mnywe chai, Glody amzoee mama yake taratibu, hata akijificha nyuma ya sketi yako nusu saa nzima.

Na jina? Umemzidi Huguette umri, basi wewe ni mama mkubwa wa mtoto huyu. Kwetu mama mkubwa hafukuzwi. Nywele za Glody utasuka wewe mpaka aolewe, na mwisho wa mwezi utabeba unga wako kama kawaida, pale wako wengine wanaongoja kupona.

Jumapili Pasta akiita "Mama Glody", miguu yako itataka kunyanyuka, maana imezoea. Izuie. Mwache Huguette asimame, kanisa zima limwone. Kisha piga vigelegele, vilevile vya siku ya kiatu kimoja, mpaka majirani wa kanisa watoke nje.