Oili Nzito kwenye Shokapu

Mjukuu wangu Fidelis,

Marahaba. Bibi yako anakusalimu; kahawa imeanza kuiva na mgongo wake umepata nafuu. Unauliza kama utie oili nzito kwenye shokapu za pikipiki yako huko Songea, zisinese ukipakia mizigo. Najua unabeba na abiria.

Nilipokuwa fundi kijana hapa Mkumbi, nilifungua shokapu za pikipiki yangu, nikatia oili nzito na kukaza springi. Pikipiki ikabeba magunia mawili ya kahawa bila kunesa. "Fundi, hiyo sasa ni trekta!" wenzangu walisema, nami nikavimba kichwa.

Msimu huohuo dada yangu Agnesta, mwenye mimba ya miezi saba, alishikwa na uchungu. Nikampakia kwenda hospitali Mbinga. Shokapu hazikunesa, na kila jiwe lilimfika mgongoni.

"Kaka, nishushe nitembee."

"Vumilia. Chombo hiki ni imara."

Tulifika mapema. Mtoto hakupona. Nesi alisema huenda asingepona hata hivyo. Mpaka leo dada hajaniuliza kuhusu zile shokapu.

Niliporudi nilimwaga ile oili, nikatia nyepesi, nikalegeza springi. Kazi yote ilichukua nusu saa.

Babu yako,
Kanisius