Mama Amelazwa Nisikoruhusiwa Kuingia

Corvelle, Burgundia.
Siku ya tatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martino,
mwaka wa Bwana 1147.

Mpendwa Mama mdogo Richilda,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unatembea, maana katika ile ya mwisho ulisema goti lako ndilo limekuwa bwana wa nyumba, lenyewe linaamua uende kanisani au ukae. Huku tu wazima. Baridi imewahi, zabibu zimetoka chache na chachu, nami nina kikohozi tangu tumalize kukamua, lakini nala na usingizi napata.

Wachuuzi wa vitambaa walinifikishia barua yako juma lililopita. Swali lako nalirudia moyoni tangu siku hiyo. Uliuliza kama ni kweli alivyohubiri yule padre wa huko kwenu Narbonne: kwamba mama, kabla ya kumzaa kaka Evrard, aliota nyota ikimshukia mapajani, kwamba aliwatoa wanawe kwa Mungu huku akitabasamu, na kwamba mwenyewe ndiye aliyetaka alazwe katika monasteri ya Valbrune. Nitakujibu, ila barua hii usimsomee mtu.

Kutabasamu hakutabasamu. Wewe ulikwisha olewa huko mbali, kwa hiyo hukumsikia Evrard alipokuwa mtu mzima. Alikuja nyumbani amenyolewa utosi kitawa, akakaa siku nane akizungumza mezani, na hata mimi niliyekuwa nikiosha vyombo nilisahau maji yakapoa. Siku ya tisa aliondoka na ndugu yetu Aubri, ambaye hata mwaka alikuwa hajamaliza na mkewe Sibile, na Perrin, kitinda mimba wetu, wakawe watawa pamoja naye. Baba alikuwa amekwisha kufa. Sibile alipelekwa kwa masista asubuhi ile ile, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Mama alisimama mlangoni akamwomba Evrard amwachie mmoja tu. Akamtaja Perrin. Evrard akamwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, Mungu akuombe kitu umnyime?" Unamjua dada yako, hakuwa mtu wa kukosa jibu. Siku ile alisogea mlangoni, wakapita. Baadaye aliniambia kwamba kama Evrard angemfokea, angejua la kufanya. Lakini mtoto aliyemzaa alimshinda kwa upole.

Basi tukabaki wawili. Miaka kumi na tisa, mama mdogo. Mama alipogoa mizabibu kwa mikono yake mwenyewe, katika ule mwezi ambao umande huganda, vidole vikapasuka hata akawa anashika kijiko kwa viganja. Mimi nililetewa posa mbili nikazikataa zote. Ningemwachia nani?

Sifa za Evrard zikaenea. Akawa abate, mkuu wa monasteri ya Valbrune. Tukasikia wafalme wanamwandikia na wagonjwa wanagusa kanzu yake wanapona. Sokoni wanawake walimshika mama mkono, "Mama wa mtakatifu, tuombee." Yeye alikuwa akiwajibu, "Nyie niombeeni mtu wa kunibebea vikapu."

Mwaka wa tisa tulisikia Perrin anatema damu. Mama alifunga jibini na shuka la sufu, akatembea siku tatu mpaka Valbrune. Bawabu akamzuia langoni. "Mama, humu mwanamke hapiti," akamwambia. "Hata awe amemzaa abate." Mama akamuuliza, "Na huyo abate wenu alishushwa kwa kamba kutoka mbinguni?" Akasimama kwenye mvua tangu sala ya asubuhi hadi ya jioni. Evrard hakutoka. Alituma ujumbe kwamba yeye amekwisha kufa kwa mambo ya dunia hii, na kwamba atamwombea. Wakampa mkate, wakapokea lile shuka. Perrin alifariki kabla ya Krismasi, na sisi habari zilitufikia Pasaka.

Mama mwenyewe alikufa Kwaresima ya mwaka jana. Uliambiwa malaika waliimba. Niliyekuwepo ni mimi, na sikusikia. Alishikwa na tumbo siku kumi na moja, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mwisho alikuwa ananiita kwa jina la bibi.

Haikupita hata miezi mitatu, akatumwa mtawa mmoja kutoka Valbrune, Gosuin, na kalamu na ngozi zake za kuandikia, aandike maisha ya mama. Mtu mwenye adabu, alikula vizuri. Nilimweleza yote haya ninayokuandikia. Alisikiliza, ila hakuandika. Akaniuliza, "Na kabla ya kumzaa Baba Abate, hakuota ndoto yoyote? Akina mama wa watu kama hawa huota."

"Hakuota," nikamwambia. "Aliumwa meno. Mimba ile ilimng'oa mawili."

Akatabasamu, akatia kalamu kwenye wino. Hiyo nyota unayoisikia ilizaliwa pale, mama mdogo, mezani kwangu, nikiwa nimekaa naye uso kwa uso.

Sasa la mwisho, na ndilo zito. Septemba hii Evrard alikuja mwenyewe, na barua ya askofu kwamba mwili wa mama uhamishiwe Valbrune. Paroko wetu alipiga magoti hadharani. Kijiji kizima kilikuja kumtazama abate, nami niliyekulia naye nyumba moja nikasukumwa nyuma kama mpita njia. Nilipenya mpaka nikamfikia.

Nikamwambia, "Kaka, alipokuwa hai ulimfungia lango. Leo unamtakia nini?"

Akanijibu, "Odeline, sheria ya nyumba ile sikuitunga mimi."

"Lakini mwenye ufunguo ni wewe."

Amezeeka. Amekonda mno, macho yameingia ndani. Nikadhani sasa atasema neno la kaka kwa dada yake. Kisha akaniambia watu wanahitaji kumwona mama aliyetoa kila kitu. "Hakutoa," nilimwambia. "Mlichukua." Akageuka akawaashiria wachimbe.

Aubri alikuwa mmoja wa wachimbaji. Ameapa ukimya, hakunisalimu. Mama alikuwa ameniomba nimlaze na wale mapacha wake waliokufa mwaka wa njaa, nami nilimlaza nao, mmoja kila upande. Watawa walipoyafikia masanduku yale madogo waliuliza ni ya nani. Evrard akasema ni ya wadogo zake, akasema yarudishwe. Wakamtwaa mama katikati yao. Aubri akafukia, na nilipochukua koleo la pili hakunizuia. Tukafukia wote wawili, machozi yakimtiririka yeye mpaka kwenye ndevu.

Hivi sasa watu wanatoka mbali na mishumaa kwenda kumwomba. Wanaume. Mimi siwezi hata kwenda kufagia kaburi lake, maana humo mwanamke hapiti.

Usidhani nimeacha kusali. Nasali, ila namwomba Mungu mwenyewe, sipitii kwa kaka yangu.

Kitabu cha Gosuin kimekamilika. Kimeandikwa Kilatini, nimesomewa. Kinasema alizaa wana watatu. Mapacha hawamo, nami simo. Basi nina ombi moja. Wa kumsema mama alivyokuwa kweli tumebaki mimi na wewe, na mimi namjua tangu alipokuwa amechoka tu. Niandikie alivyokuwa msichana. Alicheza ngoma? Alikuwa mwongo? Mligombania nini? Hata kama ni jambo la aibu, liandike, ili nami niwe na kitu chake ambacho wao hawana.

Nisalimie baba mdogo Bertran na binamu Aelis, na umbusu mjukuu wako mpya kwa niaba yangu. Sibile hajambo, masista huniruhusu nimwone mara mbili kwa mwaka, naye anakusalimu.

Mungu akulinde, akupunguzie maumivu ya goti, na siku ya kuitwa kwako uzikwe pale utakapotaka wewe.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye,
Odeline