Mwaka Huu Nyigu Wana Kikosi Kipana

Caney Bottom, Kentucky
6 Aprili

Mjukuu wangu Maelynn,

Hujambo? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yana mambo yao, na paka amezaa ndani ya kabati la viatu. Natumaini hapo chuoni mko salama na lile paja lililokuuma limepoa. Nakuandikia kwa sababu simu haishiki huku bondeni, na hata ingeshika, habari niliyonayo haifai kusemwa kwa kukatikakatika.

Juzi nilikwenda dukani kwa Estill Combs kununua bawaba. Unamjua, hawezi kupima misumari bila kunichokoza kuhusu timu yenu ya mpira wa kikapu. Akaniambia, "Verlene, Nyigu wa Laurel Fork wamekwisha. Mmeshinda mechi tisa, mmefungwa ishirini na moja, na sasa wachezaji sita wamehama. Zikeni huo mzoga, unanuka." Nikamwambia, "Estill, tangu nikufahamu unatuzika kila masika, na jembe lako bado jipya." Watu wakacheka, yeye akanipa bawaba zisizolingana.

Sasa sikiliza usajili wa mwaka huu. Anakuja Dragana kutoka Serbia, mrefu kiasi kwamba mlangoni kwangu itabidi ainame. Anakuja Kenzie Ott wa Indiana, anayefunga kutoka mbali kama mtu anayewarushia kuku mahindi. Wanakuja na wengine wawili wanaotupa vizuri kama yeye. Akichoka mmoja anaingia mwingine, akiumia mwingine mwenzake yuko tayari. Nimehesabu vidole vikaisha. Maelynn, mwaka huu tuna kikosi kipana, na Machi ijayo tutacheza yale mashindano makubwa ya vyuo vya nchi nzima ambayo Laurel Fork hawajayaona tangu mama yako akiwa msichana. Kanisani wananionea huruma. Wanionee tu.

Kiti changu ni kilekile, nyuma ya benchi lenu.

Bibi yako,
Verlene

Chuo cha Laurel Fork
10 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole na magoti, na uwape paka maziwa. Paja langu limepona.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na pale penye vidole nimelia. Bibi, Kenzie Ott na wale wawili wanacheza nafasi yangu. Kocha Pruitt aliniita ofisini Jumanne. Hakuwa mkali, angekuwa mkali ningepata nafuu. Aliniambia, "Maelynn, mwanangu, nakupenda, lakini sasa wako watatu mbele yako. Ukibaki, utakaa." Huo upana wa kikosi unaoushangilia umepita juu yangu.

Nimebakiza mwaka mmoja tu wa kucheza, baada ya hapo basi, maisha yangu yote. Chuo cha Marlow kule Ohio wananitaka. Kikosi chao ni chembamba, ningeanza kila mechi. Lakini ni mbali na wewe, na Nyigu ni timu ya nyumbani. Dirisha la kuhama linafungwa tarehe ishirini na tatu. Bado sijaamua, na ningependa niamue mwenyewe, bila kelele. Niambie tu unavyofikiri.

Mjukuu wako,
Maelynn

Caney Bottom
15 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba, na usilie tena. Bibi yako ameshalimaliza jambo hili.

Jana jioni kulikuwa na kile kipindi cha kocha cha kila Jumatatu mle mgahawani kwa Hobart. Unajua kunavyokuwa, redio inarusha moja kwa moja, kaunti nzima inakula kambare wa kukaanga na kumuuliza Pruitt maswali ya kipumbavu. Nilingoja hadi kila mtu ana sahani, nikainuka, nikamwondolea mtangazaji kipaza sauti mkononi. Nikasema, "Mimi ni Verlene Tackett, bibi wa namba kumi na nne. Nasikia wapo wanaodhani mjukuu wangu atahama. Akina Tackett hawahami. Babu yake alibaki mgodi ulipofungwa, mimi nilibaki mafuriko yalipoingia hadi jikoni. Leteni hata wasichana ishirini kutoka Indiana. Maelynn anabaki, na atawapita wote."

Ungewaona. Walisimama, wakapiga meza hadi vikombe vikaanguka. Estill mwenyewe alipiga makofi, ingawa atakataa. Pruitt aliinamia samaki wake. Sasa athubutu kukuweka benchi.

Kula vizuri. Nimekuandalia maharage na mkate wa mahindi, njoo Jumapili.

Bibi yako,
Verlene

Laurel Fork
19 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Nilikuwa nakunja nguo chumba cha kufulia wakati wasichana wa timu walipoongeza sauti ya redio. Walinigeukia wote. Kesho yake mpishi wa bwalo alinikumbatia, na mtu nisiyemjua akanishukuru kwa uaminifu wangu. Kocha aliniuliza, "Ulimtuma?" Nilichukua begi langu nikatoka, nisije nikakuaibisha.

Nilikuandikia kwamba sijaamua. Ulisoma ukaona ni mechi.

Jana nimeingiza jina langu kwenye orodha ya wanaohama, nakwenda Marlow. Ningeondoka kimya, watu wangesema Mungu akusaidie. Sasa wameandika neno msaliti kwenye mlango wa chumba changu, na wameliandika kwa rangi ya njano, ya kwetu. Jumapili sitakuja.

Maelynn Tackett

Caney Bottom
3 Juni

Maelynn,

Hujambo huko Ohio? Wanakulisha? Mimi sijambo. Watoto wa paka wamepata wenyewe wote isipokuwa yule mwenye jicho moja, huyo nimebaki naye.

Hii ni barua ya tatu na hujajibu hata moja. Basi nisikilize hivyohivyo. Nilisema nilichoamini. Mimi ndiye niliyekulea, nilikufunga kamba za viatu kabla hujajua mpira ni nini, na sitaomba radhi kwa kukupenda kwa sauti kubwa. Estill ameniuliza mbele ya wateja, "Verlene, akina Tackett hawahami, eeh?" Nimemwambia duka lake linanuka panya, nikatoka bila kununua. Dragana amefika. Nimempelekea keki, ameinama mlangoni kama nilivyosema. Nyigu watafika Machi, na nitakuwepo, hata nikikaa peke yangu.

Bibi yako

Caney Bottom
11 Novemba

Mjukuu wangu Maelynn,

Hujambo? Mimi mwili haujambo.

Msimu umeanza. Ijumaa tuliwafunga wageni wetu vibaya sana, Kenzie Ott akawasha moto, uwanja mzima ukawa unaimba na mimi nikaimba. Halafu nikamwona yule msichana wa nne katika nafasi yako ya zamani, mtoto wa Tennessee. Dakika zote arobaini alikaa na taulo mapajani. Kila mwenzake akifunga, alikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi. Mama yake alikaa safu ya nyuma yangu, ameendesha gari tangu alfajiri. Mechi ilipokwisha alichukua koti lake akatoka bila kumtazama mtu usoni. Nikajua yule ningekuwa mimi, na mwenye taulo ungekuwa wewe, na wewe uliniambia wazi kwenye barua na mimi sikusikia. Nyumbani sikula.

Basi jana nilikwenda kwa Hobart, kwenye kipindi cha kocha. Nikachukua kipaza sauti. Mtangazaji alijaribu kukificha chini ya meza, lakini nina mikono mirefu. Nikasema, "Masika nilisimama hapahapa nikasema mjukuu wangu haendi popote. Hakunituma. Alikuwa hajaamua, mimi nikamwamulia kwa mdomo wangu mbele yenu. Mtu anayemwita msaliti aje aniite mimi. Nakaa Caney Bottom, nyumba ya mwisho, mbwa hana meno."

Hawakupiga meza. Mtu mmoja alipaza sauti, "Kaa chini, bibi, tunataka habari za mpira." Nikamwambia, "Nitakaa nikimaliza, na wewe futa mdomo, una samaki kidevuni." Nikamaliza, nikakaa, nikala chakula changu chote mbele yao. Nimekosa, Maelynn. Nisamehe ukiweza.

Bibi yako,
Verlene

Chuo cha Marlow, Ohio
19 Novemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa, ila miguu.

Nilisikia. Kila Jumatatu nasikiliza kipindi hicho kwenye mtandao, hata miezi ile ambayo nilikuwa sitaki kuona mwandiko wako. Ulipomwambia yule bwana afute mdomo, mwenzangu wa chumbani aliuliza kwa nini nacheka na kulia kwa pamoja. Nimekusamehe, ingawa bado kuna siku linaniuma. Nakuambia ili usije ukadhani limekwisha lote.

Huku tuko wanane tu wazima. Nacheza hadi mapafu yanawaka, usiku nalala na barafu kwenye magoti yote mawili, na sijawahi kufurahi hivi. Tarehe kumi na mbili Desemba Nyigu wanakuja kucheza kwetu. Njoo na basi la mashabiki. Usithubutu kuvaa rangi yetu, nitakufukuza. Vaa njano, ukae na watu wako, uone kikosi chako kipana kinavyopigwa na watu wanane.

Mjukuu wako,
Maelynn

Caney Bottom
14 Desemba

Mjukuu wangu,

Hujambo, na hali ya magoti? Mimi sauti imekauka, daktari wa zahanati amenikataza kuongea hadi wiki ijayo. Estill anamwombea daktari huyo kila heri.

Kwanza tulimalize la mpira. Uliposimama kwenye mitupo huru, sekunde chache zimebaki, sisi wachache wa njano tulikuwa nyuma ya kikapu, na mimi nilipiga kelele kuliko wote. Ulinitazama kabisa. Ukakosa wa kwanza. Hilo siliombei radhi, nilikuwa nimevaa njano na wewe ndiye uliyeniambia niivae. Wa pili ulifunga huku ukinikazia macho, na hapo nikasimama peke yangu nikakupigia makofi. Mwenye kiti cha jirani akauliza, "Bibi, wewe uko upande gani?" Nikamwambia anyamaze, atazame mpira.

Tulishinda kwa pointi moja. Nilikuambia tangu Aprili. Pruitt aliingiza wasichana kumi, nyinyi mwishoni mlikuwa mkipumua kama farasi. Tutafika Machi, andika.

Sasa la pili. Ulicheza dakika zote isipokuwa mbili. Nilikuona ukianguka, ukiinuka, ukiwapangia wenzako kwa mikono, ukimfokea yule mrefu wenu naye akikutii. Kwenye basi tukirudi walikuwa wanaimba, na nilipoanza kulia walidhani nalia ushindi. Laurel Fork usingepata hata nusu ya dakika hizo. Ulifanya vizuri kuondoka, Maelynn. Ungenisikiliza mimi, nisingekuona ukicheza tena.

Jumatatu ijayo kuna kipindi kwa Hobart, na sauti itakuwa imerudi. Maneno haya ya mwisho nataka kuyasema redioni, kaunti nzima iyasikie, na Pruitt akiwa palepale na samaki wake. Lakini safari hii nakuuliza wewe kwanza. Niseme, au ninyamaze?

Bibi yako,
Verlene