Kiti cha Zuwena na Harusi Niliyoikosa

Kiembe Samaki, Unguja

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba yako itatoka kwa shida, na sikulaumu. Naanza kwa kumuulizia Mama. Je, magoti yanamruhusu kuinuka na kwenda uani bila kushikwa mkono? Ile dawa ya kuchua niliyompa mtu wa basi ilifika? Na wewe mwenyewe, kifua kimepoa baada ya vumbi la kupura uwele? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimeona niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungeniuliza swali moja tu, nami ningekatisha maneno kama nilivyofanya uliponipigia baada ya harusi.

Uliniambia, "Hawa, watoto wa watu umewafanya wako, wa kwetu umewaachia watu." Ukakata simu. Dada, ulikuwa na haki. Salma mwanao nimembeba mgongoni tangu hajaota jino. Nilimwahidi kwamba siku ya ndoa yake nitakuwa chumbani pamoja naye, nimfunge mtandio kwa mikono yangu. Badala yake nikatuma ujumbe: "Kazi imenibana, nisameheni." Mama mdogo wa bibi harusi, na hicho ndicho alichopata kutoka kwangu. Sasa nakueleza kilichotokea, na yale ninayoona haya kuyaandika nitayaandika vilevile.

Huwa unawaambia majirani kwamba mdogo wako ni daktari wa watoto. Mimi si daktari, dada. Kazi yangu inaitwa tiba kwa vitendo. Nazunguka kwenye skuli, ndivyo wanavyoita shule huku, zenye wanafunzi wenye ulemavu. Huyu namfundisha kushika penseli, yule kufunga vifungo vya shati, mwingine namtafutia namna ya kukaa asianguke. Skuli ni nyingi na sisi ni wachache, kwa hiyo leo niko mjini karibu na Michenzani, kesho niko shamba, vijijini kabisa.

Kule Fumba kuna msichana wa darasa la pili anaitwa Zuwena. Alizaliwa na ugonjwa wa mgongo wazi. Kuanzia kiunoni kushuka chini hana hisia, ukimfinya mguu hajui. Mama yake, Bi Kazija, analima mwani, na kila asubuhi kabla maji ya bahari hayajatoka alikuwa akimbeba mgongoni mpaka skuli, kisha anakimbilia pwani. Darasani Zuwena alilazwa ubavu juu ya mkeka, nyuma kabisa. Kutwa nzima alikuwa akiangalia miguu ya wenzake. Ubaoni hakuona kitu. Lakini mdomo wake, dada! Siku ya kwanza nilipochuchumaa mbele yake aliniuliza:

"Wewe ndo nani?"

"Naitwa Hawa. Nimekuja kukutengenezea kiti."

"Kiti kama cha kitoto kichanga, au kama cha mwanafunzi?"

"Cha mwanafunzi."

"Haya, nipime basi."

Nikampima. Nikachora, nikatafuta seremala, tukatengeneza kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, mikono, mkanda wa kiunoni na kimeza mbele, na chini tukaweka godoro. Siku ya kumkalisha walikuja wageni kutoka ofisini na kamera zao. Nilipomfunga mkanda na kumsogeza mbele, aliutazama ubao, kisha akaanza kuusoma kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, hata tarehe akaisoma, hata jina la somo. Watoto wakapiga makofi. Bi Kazija alijifunika uso kwa ushungi. Nami nikavimba kichwa. Ndiyo ile picha niliyokutumia, ukaisambaza ukoo mzima.

Sasa nisikilize. Mtu asiye na hisia akikaa muda mrefu hajui kama anaumia. Mimi na wewe tukikaa tunajisogeza huku na huku bila hata kufikiri. Yeye habanduki. Nyama inabanwa, damu haipiti, ngozi inakufa kidogo kidogo. Kwa hiyo lazima anyanyuliwe kila mara, na kila jioni mtu amtazame makalioni kama kuna wekundu. Akiona wekundu, kiti kinawekwa pembeni mpaka upotee. Hilo ni jambo tunalofundishwa mwanzoni kabisa mwa kazi hii. Mwalimu wake wa darasa, Mwalimu Haji, nilimwambia juujuu kwamba awe anamnyanyua. Kwa nini, sikumweleza. Bi Kazija sikumwambia kabisa. Gari la ofisi lilikuwa linaunguruma nje, wageni wanataka kuwahi mjini, nikajisemea nitarudi wiki ijayo nikae na mama yake taratibu. Wiki ijayo nikapelekwa kusini, na iliyofuata vilevile. Namba ya Bi Kazija nilikuwa nayo kwenye simu. Sikumpigia.

Siku nilipokuwa nimeshafunga begi la kuja kwenu, Mwalimu Haji akanipigia. Zuwena amelazwa hospitali ya mjini, ana homa kali, ana kidonda.

Nilimkuta amelazwa kifudifudi. Kidonda sikuelezei, dada. Alinigeuzia uso, midomo imemkauka.

"Umekuja kukichukua kiti?" akaniuliza.

"Mbona unaniuliza hivyo?"

"Mie nliona damu kwenye nguo. Nkamwambia dadangu mkubwa asiseme. Mwalimu akitaka kuninyanyua nnamwambia sitaki, nshakaa vizuri. Nlijua mkijua mtakichukua."

 Hapo akaja nesi, mwanamke wa makamo, amechoka na wodi imejaa, akaanza na Bi Kazija mbele ya watu wote.

"Mama, mtoto anaoza mpaka ndani na wewe upo? Humuogeshi? Humtazami?"

"Nnamuogesha," Bi Kazija akasema. Kichwa ameinamisha. "Nliona wekundu nkadhani vipele vya joto, nkampaka mafuta ya nazi. Sikujua."

"Hukujua! Na hao waliokuletea kiti hawakukwambia?"

Bi Kazija akanitazama. Haukuwa mtazamo wa kunishitaki, wallahi, nadhani alikuwa anatafuta msaada wa kukumbuka. Akangoja kidogo. Nami nikatazama sakafu. Kisha nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, "Labda walisema, mie ndo nlosahau."

Nesi akaguna, akaendelea na wagonjwa wengine. 

Boti ya asubuhi ya kuja bara iliondoka bila mimi. Unaweza kuuliza: mtoto ana madaktari, ana mama yake, kukaa kwako kungefunga kidonda? Kusingefunga. Nimejiuliza mimi mwenyewe, na jibu ninalo, si zuri. Sikuja kwa sababu nilijua utanishika mkono mbele ya wageni useme, "Huyu ndiye mdogo wangu anayeponya watoto." Nisingeweza kusimama pale. Nikaona afadhali nibaki wodini, nipeleke uji, nifue nguo za Zuwena, kana kwamba hayo yatanitoa hatiani. Saa Salma anaozeshwa, mimi nilikuwa bombani nasuuza kanga ya mtoto wa watu, na Bi Kazija ananishukuru. "Usituache," alikuwa akiniambia. "Wewe ndo uliyemkalisha mwanangu." Alisema kwa shukrani kabisa. Kila aliposema nilitamani ardhi inimeze, na bado sikufungua mdomo.

Kilichonifungua ni mama mkwe wake, Bi Mize. Alikuja kumtazama mjukuu, akasimama katikati ya wodi na kusema kwamba mtoto ameachwa aoze na mama anayejali mwani kuliko damu yake. Akamgeukia mke wa mwanawe. "Akitoka hapa haji kwako, anakuja kwangu. Nshasema na baba yake."  Bi Kazija aliendelea kumpepea Zuwena. Nikaona dhahiri kwamba kunyamaza kwangu kunakwenda kumnyang'anya mtu mtoto wake.

Hata hapo, dada, sikusema siku ile. Nilingoja mpaka Zuwena aliporuhusiwa, nikaenda Fumba peke yangu. Nilimkuta Bi Kazija uani anafunga vijiche, miche midogo ya mwani, kwenye kamba. Sikukaa.

"Bi Kazija," nikamwambia, "hukusahau. Sikukwambia."

"Hukunambia nini?"

Nikamweleza yote, habari ya ngozi, ya kumtazama jioni, ya gari lililokuwa linanisubiri. Vidole vyake viliendelea kufunga, kisha vikasimama.

"Na siku ile nesi ananisema, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Nawe wajua kama hukunambia."

"Nilijua."

Akaiweka kamba chini. "Mie kila nkimfulia nguo nnajiuliza, neno kubwa kama lile nlilisahau vipi? Nkajiona nimerukwa na akili. Nkasema pengine kweli mie si mama wa kuachiwa mtoto." Hakulia. Ningependelea angelia. Nilipoanza kumwomba radhi akainua mkono kunizuia.

"Radhi baadae. Inua begi lako twende kwa Bi Mize. Ukayaseme haya mbele yangu."

Tukaenda, yeye mbele mimi nyuma. Bi Mize alikuwa kibarazani anasuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia, akanikaribisha, akadhani nimeleta habari za mgonjwa. Nikasema. Safari hii nilisema vizuri, bila kujipunguzia. Alinisikiliza mpaka mwisho na mikono imetulia juu ya mapaja.

"Wewe ulosoma ndo ulojua, na hukusema," akasema.

"Sikusema, bibi."

"Na huyu nkamsema mie mbele za watu."

Hakumwomba mke wa mwanawe msamaha, dada. Aliokota ukili wake, akasema, "Basi mtoto abaki kwa mamake." Ndiyo hayo tu. Lakini njia ya kurudi niliona Bi Kazija amenyoosha mgongo.

Ofisini nako nilimweleza mkuu wangu. Alinikaripia vikali na nilistahili. Sasa hatumkabidhi mtoto kiti mpaka tukae kwanza na mama yake na tumfundishe. Hata yule nesi nilimfuata, nikamkuta amehamishiwa wodi nyingine. Aliniangalia akaniuliza, "Sasa waniambia mimi ili nifanyeje?" 

Zuwena anaendelea. Kidonda kinaziba kutoka ndani, polepole. Nimemtengenezea ubao wa mteremko, analala kifudifudi juu yake mbele ya darasa, na anauona ubao wa mwalimu. Anakereka kwelikweli kwamba bado harudi kitini. Juzi nilimpelekea kioo kidogo, nikamfundisha yeye na mama yake namna ya kujitazama ngozi. Bi Kazija aliniuliza maswali mengi, ya kila aina, na alinirudisha nyuma kila nilipotaka kwenda haraka. Ananiitikia salamu, ananiwekea mkeka. Ile "radhi baadae" hajairudia, nami siiombi tena. Zamani nilikuwa sitoki kwake bila kunywa chai. Siku hizi chai haipo, na ninaona ni sawa.

Nilimsimulia Zuwena kuhusu Salma, maana anapenda habari za harusi. Akauliza bibi harusi alivaa nini. Nikasema sijui, sikwenda, nilikuwa hospitali kwake. Akanikazia macho pale pale kwenye ubao wake.

"Nani alokwambia ukae? Mie nlikuwa nimelala tu. Usinisingizie mie."

Kwa hiyo dada, simsingizii. Kazi haikunibana, wala mtoto hakunizuia. Ni mimi niliyeona haya, nikachagua kujificha, na aliyenikosa chumbani siku yake kubwa ni Salma. Naomba umsomee maneno haya kama yalivyo, usiyalainishe. Akikataa kuongea nami, mwache akatae. Akitaka kunisema, namba yangu anayo, nitapokea na nitasikiliza mpaka amalize.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie magoti ayachue jioni, si asubuhi. Msalimie shemeji, baba wa bibi harusi, na mkwe wetu mpya ambaye bado hanijui sura. Mjomba aliyekaa mahali pa marehemu Baba kama mzee wa ukoo wetu mwambie nimesikia alivyotusimamia vyema, na ninamshukuru. Na shangazi mwenye duka, aliyekaa mahali pangu na kumfunga Salma mtandio, mpe mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Hawa