Kwako Mama, kuhusu mpaka unaopitisha umeme

Mama,

Karatasi za nailoni nilizopigilia madirishani zinapigapiga kila upepo wa ziwa unapovuma, na kila zikipiga mwili wangu unaruka. Vioo havijarudi. Ukuta wa baraza una matundu ambayo ngumi yangu inaingia. Nimejaribu, ikatoka na damu. Viazi kutoka mashamba ya Mudende ulivyokuwa ukivichambua bomu lilipoanguka nilivizoa kwa koleo. Vingine sikuweza kuvitazama. Ndala yako moja ilikutwa juu ya paa la jirani.

Wanasema lilipotea njia. Vita vilikuwa ng'ambo ya mpaka, Goma, na lenyewe likapotea tu. Nawachukia wanaosema hivyo, hasa wakiongeza kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Maabara kule ninakosoma wameniuliza nitarudi lini. Unakumbuka nilivyokueleza kazi yangu kwa simu? Oksaidi mbili, ngumu kama mawe, hakuna hata moja inayopitisha umeme. Ukiotesha moja juu ya nyingine, pale zinapogusana umeme unakimbia. Tunazipoza kwa heliamu hadi baridi ambayo kilele cha Karisimbi hakijawahi kuiota, kisha tunapasha upande mmoja joto kidogo tu, na joto hilo linausukuma umeme kuelekea kwenye baridi. Ulicheka hadi ukakohoa. "Kumbe umepanda ndege kwenda kusomea Petite Barrière!"

Kwenye kizuizi hicho cha mpaka ulipita kila asubuhi na viazi vyako, na upande wa pili Mama Neema, mwenzako wa biashara, alikuwa anakungoja.

Alikuja, Mama. Siku ya kumaliza matanga, mpaka ulipofunguliwa, aliingia uani amevaa kile kitenge mlichoshona sare. Niliiona Goma yote imesimama mbele yangu. Nikachukua mchi wa kutwangia majani ya sombe, nikamwendea kumpasua kichwa. Sikuwa namtisha tu. Nilitaka kusikia mfupa. Mjomba alinikamata kiuno, nikamng'ata mkono.

Mama Neema hakurudi nyuma hata hatua.

"Piga, mutoto. We unafikiri bomu iliuliza mutu kitambulisho? Ya kwetu iliingia mu jikoni. Neema amekwisha. Nilizika mutoto wangu, donc sasa nimekuya kulia mama yako."

Neema. Aliyenisuka nywele siku niliyosafiri.

Mchi ulinitoka mkononi. Usidhani tulikumbatiana. Tulianguka chini pale pale uani tukapiga mayowe, yeye anakuita wewe, mimi namwita Neema, nikichimba udongo kwa kucha, hadi sauti zikakauka. Kisha akajifuta pua kwa ncha ya kitenge, akauliza, "Viazi iko wapi? Hawa watu watakula nini?" Akamenya. Nikawasha moto.

Nimewaambia maabara wangoje. Wewe umeliliwa kutoka ng'ambo. Neema bado hajaliliwa kutoka huku.

Pumzika, Mama, kama unaweza, mimi siwezi. Nakuahidi: asubuhi nitabeba gunia la Mudende, nipite kizuizini ulipopita, niingie katika jiko lile nikamlilie Neema pale alipoanguka. Hasira haijapoa. Nitavuka nayo.

Binti yako