Bamba la Shaba

3 Mei

Shikamoo mama,

Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima. Mchana huu tunang'oa nanga, mimi na nahodha, wiki tatu hadi kisiwani. Redio uliyotufungia inanasa sauti za mbali mpaka nahodha anacheka peke yake. Juzi, kabla ya kuishusha mashua majini, niliipaka rangi chini yote, hata lile bamba lako la shaba lililochakaa. Linang'aa, utanisifu! Saa kumi kila siku tutaongea.

Kitindamimba wako

9 Mei

Marahaba mwanangu,

Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Siku sita nimekaa mbele ya redio, sijasikia hata kikohozi chako. Leo barua yako imefika, nikajua. Bamba lile ndilo ethi, njia ya umeme wa redio kwenda baharini, shaba yake lazima iguse maji. Ukilipaka rangi unasikia watu, wewe husikiki. Miaka thelathini ya ufundi, nimekuonya kila kitu nikasahau rangi!

Barua hii itakungoja kisiwani. Redioni nitarudia kila siku saa kumi: chukua waya mnene wa shaba, funga kwenye skrubu ya ethi nyuma ya redio, ncha nyingine itumbukize baharini. Wanatangaza dhoruba. Naogopa, mwanangu.

Mama

18 Mei

Mwanangu,

Sijui kama kuna wa kuisoma hii. Siku tisa nimerudia maneno yaleyale, kinachonijibu ni mvumo tu. Dhoruba wanasema imefika huko mliko. Jana nililia kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Leo asubuhi dada yako amechomoa waya, akaifunga redio kwenye shuka, nami sikumzuia. Nisamehe.

Mama

29 Mei

Shikamoo mama,

Nipo hai. Nahodha kavunjika mkono. Hapa hakuna simu na boti ya barua inaondoka, naandika mbio.

Nilikusikia kila siku, hadi siku ile ulipolia. Nilikujibu kila siku, nikipayuka kama mwehu. Waya wa kwanza bahari iliunyakua. Wa pili tuliufunga tarehe kumi na nane, maji yakiwa magotini ndani ya mashua. Saa kumi nikabonyeza: "Mama, nakusikia." Kimya. Kesho yake kimya. Mawimbi yote yale hayakunitisha hivyo, mama. Nilijua umekufa. Nimepumua leo, nilipokuta barua zako mbili.

Rangi ya bamba nimepiga mbizi nikaikwangua yote kwa kisu. Tarehe kumi Juni tunaanza kurudi. Mwambie dada alifungue hilo shuka.

Kitindamimba wako